Benki Ilikwama, Maiti Hangoji

Mpendwa Bi Jalila, shikamoo. Nakuandikia huku nalia, naomba unionyeshe njia. Sisi kina mama wa hapa Likoni tuna chama cha kuzikana, na pesa zetu miaka yote zilikaa kwenye kasha nyumbani kwa shoga yangu Mwanatatu, hata shilingi haikuwahi kupotea, lakini binti yangu aliponifundisha benki ya simu nikaanza kuwashawishi wenzangu kwamba kasha ni mambo ya kale, mwizi akiingia je, moto je, mpaka wakakubali pesa zihamie kwenye simu yangu, na Mwanatatu mwenyewe akasema, "Hayo ya simu siyajui, Ummi, lakini wewe nakuamini."

Mwezi uliopita mumewe alifariki alfajiri, maziko yakawa adhuhuri, nami nikafungua simu nitoe pesa za sanda na gari, benki ikakwama, nikapiga huduma kwa wateja nikaambiwa pesa ziko salama nisubiri hadi kesho, na kwa kuchanganyikiwa nikamfuata Mwanatatu ndani kwa wafiwa nikamwonyesha simu, "Tazama shoga, pesa si hizi hapa?" Hakuitazama. Mashemeji zake wakaenda kukopa sanda dukani. Kesho yake pesa zikatoka, nikampelekea, akazikataa, na mpaka leo nikimsalimu hanijibu. Wallahi sikuiba, Bi Jalila, mbona naonekana mwizi?

Ummi, Likoni

Marahaba, Ummi mwanangu. Pole, na pole zaidi kwa Mwanatatu. Kuiba hukuiba. Lakini mtu ana maiti ya mumewe chumba cha pili, wewe unamtolea simu! Hapo ulikuwa unajitetea, hukuwa unamfariji.

Benki nayo ina lawama. Anayemwambia mfiwa asubiri kesho hajui watu wa huku wanavyozika. Pesa ya maziko isiyopatikana siku ya maziko, usalama wake unamfaa nani?

Sasa itisha kikao, uwaambie wenzio bila kuzunguka kwamba uliwahimiza jambo usilolijua vizuri. Pesa za kutosha maziko mawili zirudi kashani, nyingine zikae benki. Kisha nendeni wote tawini, mdai mwelezwe siku mtandao ukikwama mtasaidiwa na nani.

Kwa Mwanatatu nenda leo. Yuko eda, hatoki nyumbani, utamkuta. Simu iache nyumbani, na mtandao usiutaje. Mwombe radhi, kisha unyamaze. Asipokuitikia, kaa hapo hapo mkekani, na kesho urudi. Huenda asikusamehe, mwanangu. Rudi vivyo hivyo.