Vidato Vitatu vya Marumaru

Nyumba Na. 418, Mtaa wa Durley,
Baltimore.
Jumamosi, 9 Machi 2019

Mpendwa mdogo wangu Rudell,

Salamu tele kutoka nyumbani. Je, huko Anchorage theluji imepungua? Na goti lako? Mimi sijambo, mgongo unalalamika, ila bado haujagoma. Kanisani wanakuulizia kila Jumapili kana kwamba nimekuficha kabatini.

Sasa kaa chini. Nyumba ya Mama hatuiuzi.

Najua nilikuandikia Januari kwamba kodi ya jengo tunayolipa serikali ikipanda vile, nitashindwa. Ila chanzo sikukuambia, maana niliona haya. Kosa lilikuwa langu. Oktoba iliyopita mthamini wa serikali alipita mtaani akiandika nyumba. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi unajua niko wapi: nimepiga magoti mlangoni, nasugua vidato vyetu vya marumaru, vile vya kupandia mlangoni, kama Mama alivyotufundisha. Yule bwana akasimama, akashangaa. "Mama, mmeikarabati nyumba hii?"

Ningesema hapana, yakaisha. Lakini kichwa kikanivimba. "Unajionea mwenyewe, mwanangu. Mtaa mzima hakuna inayoifikia." Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Ndani sikumkaribisha. Jikoni kuna ndoo tatu za kukinga mvua.

Karibu na mwaka mpya barua ikaja: nyumba imekarabatiwa, thamani yake mara mbili, na kodi nayo hivyo hivyo.

Nikakata rufaa. Jirani yangu Delphine alinisaidia kujaza fomu, tena akaniongezea ushauri nisiouomba: "Shoga, hivyo vidato viache vichafuke mpaka wamalize. Kwani utakufa?"

"Nitakufa, ndiyo. Na Mama atafufuka anizabe kofi."

Tulicheka, lakini sikuwa natania. Kusema ukweli mbele ya serikali nitasema. Kujifanya mchafu siwezi.

Siku ya kusikilizwa rufaa nilivaa kofia yangu ya Pasaka, nikabeba picha: dari ya jikoni, ndoo, ukuta wa nyuma uliobonyea, mabomba ya tangu Baba kijana, na vidato vyenyewe. Rudell, iliniuma. Miaka yote hata mchungaji sijamruhusu apite sebule, leo nawapangia wageni aibu zangu mezani, moja moja. Ila kichwa sikukiinamisha.

Msikilizaji wa rufaa alikuwa Bi Wojcik, mama mtu mzima. Alipitia picha, kisha ile ya vidato akaishika muda mrefu.

"Unavisugua mara ngapi?"

"Kila Jumamosi, tangu mwaka 1956."

"Kwa unga wa kusafishia au kwa jiwe la kusugulia?"

"Jiwe kwanza, unga baadaye. Kwani wewe mgeni hapa mjini?"

Akaangua kicheko. "Bibi yangu alikuwa anatukabidhi brashi kabla ya chai!" Halafu akamgeukia yule mthamini wa Oktoba, aliyekuwa ameketi pembeni. "Haya si marumaru mapya, bwana. Haya ni magoti ya mtu."

Jana jibu limekuja. Thamani wameishusha karibu na ile ya zamani, na kodi naimudu. Serikali imeandika rasmi kwamba nyumba yetu ni kuukuu, na mimi natembea mtaani kama niliyevishwa nishani. Delphine anasema sasa sisalimiki.

Uliniandikia tuuze tugawane. Sikukasirika sana, siku mbili tu. Ila nikukumbushe jinsi Mama alivyotugawia vidato: cha juu changu, cha kati cha ndugu yetu marehemu Clarice, cha chini chako, ndicho kinachochafuka kuliko vyote. Ulipohama nikaanza kukusugulia. Miaka thelathini na minane, Rudell.

Leo asubuhi nimesugua viwili vya juu. Chako nimekiacha na tope lake, wapita njia waone, Delphine aseme atakavyo. Sikigusi tena. Brashi yako iko chini ya sinki.

Nisalimie mkeo Yolanda, na wajukuu uwabusu kila mmoja kwa jina lake. Shangazi Lutricia naye anakusalimu, anasema usisahau kumpigia.

Mungu akulinde njia nzima ya kuja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikufokea,

Ernestine