Aliyeitwa kwenye Spika

Wewe, uko hapo? Usinipigie, siwezi kuongea.

Kompyuta ya kliniki, ile inayoita wagonjwa kwa spika, imemwita fundi viatu wetu. Ndiyo, huyo huyo tuliyemzika.

Umeme ulikatika asubuhi. Betri ya saa ya kompyuta imekufa, kwa hiyo ilipowaka ikadhani bado ni mwaka juzi. Programu niliyowaandikia haikusubiri mtandao uirekebishe saa, ikakimbilia orodha ya wagonjwa wa tarehe hiyo. Ikamwita kwa jina lake kamili, aingie kwa daktari.

Na mama yake alikuwepo. Kaja kupima presha. Akasimama.

Akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anakuja, yuko hapo nje." Akatazama mlango. Ukumbi mzima tukatazama mlango.

Nesi akamshika bega, akamkalisha. Nikaenda kumwomba radhi. Akaniambia, "Usijali, mwanangu. Nyumbani hakuna anayethubutu kulitaja jina lake."

Nimesharekebisha. Sasa programu haianzi mpaka saa iwe sahihi, haitamwita tena.

Lakini mama bado amekaa pale. Mlango ukifunguliwa, anageuka. Na mimi nageuka.