Andika Tumefika

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko Dodoma? Sisi wa Ilembo wazima. Babu yako anakohoa kidogo ila anakula, na mpunga wa shamba letu la Usevya umeshaingia ndani.

Umeniuliza kama mwandishi anyamaze akiambiwa habari yake inahatarisha usalama. Miaka ya tisini, Burundi ilipochafuka, nilikuwa naandikia gazeti. Siku moja nilikuwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, boti ya wakimbizi ikafika. Ofisa mmoja akanizuia: "Dada, usiandike chochote. Wanaowawinda nao wanasoma."

"Na ndugu zao walioko Mpanda, wanaodhani wamekufa?"

Tukabishana, na kusema kweli yeye hakuwa mjinga. Mama mmoja aliyeshuka botini, aliyekuwa anaanika kitenge chake pembeni ya dagaa, akatukatiza.

"Andika tumefika. Usiandike wapi. Na akija anayejiita kaka yangu, muulize jina la bibi yetu."

Akaninong'oneza jina lenyewe. Ofisa akakuna kichwa, akasema hiyo sawa.

Gazeti lenye habari hiyo lilipofika Mpanda na treni, watu wengi walinifuata nyumbani kuulizia. Mmoja alisimama mlangoni analia, anasema dada yake lazima yumo. Nilitamani kumwambia pale pale. Nikamuuliza kwanza bibi yao aliitwa nani.

Akalitaja jina lile lile.

Neema, nilikaa chini mlangoni nikacheka kama mwehu. Kisha nikamwambia, "Karema. Nenda."

Babu yako anakusalimu. Usiache kula.

Bibi yako