Siku Lindiwe Aliponitajia Neno la Siri

Jumanne, Troyeville, Afrika Kusini. Jua linawaka lakini baridi inauma hadi kwenye vidole. Nimeshinda na koti ofisini, na mpaka sasa moyo haujatulia. Si kwa ubaya.

Asubuhi kompyuta yangu iligoma kuingia kwenye seva. Jana fundi alituwekea ruta mpya, akaondoka akisema kila kitu sharp, kiko sawa. Leo simu yake imezimwa. Na tafsiri zote tunazowafanyia watu zinakaa humo kwenye seva.

Mbele yangu alikaa Baba Amani, fundi cherehani wa Bellevue, mtu wa Bukavu. Alifuata tafsiri ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.

"Mama, niko na randevu ya kuonana na watu wa uhamiaji leo hii," aliniambia. "Nikikosa hiyo karatasi, batanirudisha nyuma miezi."

Nilikagua waya. Taa ya kijani inawaka. Nikazima, nikawasha. Intaneti ipo, seva hakuna.

Zamani ningemwita Themba tu. Marehemu mume wangu ndiye aliyeifunga seva ile tulipofungua ofisi. Alikuwa mtu wa hapa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni Morogoro, ndiko tulikokutana, na mpaka mwisho wake alikuwa akizigombeza kompyuta kwa Kiswahili. Angechuchumaa chini ya meza akinung'unika, "Wee mashine, una wazimu?" Leo nimekumbuka hata harufu ya sweta lake.

Nikampigia binti yetu, Lindiwe, anayefanya kazi za kompyuta Sandton.

Lindiwe hazungumzi Kiswahili. Anakielewa chote, ila tangu aanze shule namsemesha kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Nilishaacha hata kuumia. Au nilidhani hivyo.

Aliniongoza kwa Kiingereza chake cha haraka. Kumbe ruta mpya imeipa seva anwani nyingine, na kompyuta yangu bado ilikuwa inaitafuta kwenye ile ya zamani. Akanielekeza namna ya kuipata mpya, nikaiandika. Hapo ikadai neno la siri. Sikulijua, miaka yote kompyuta ililikumbuka yenyewe. Lindiwe alilijua, kwa sababu siku ya kufunga seva baba yake alimpakata, akamwacha aliandike yeye.

Nyuma yake nilisikia wenzake wa kazini wakicheka. Kisha akashusha sauti.

"Mama, hapa kuna watu wananisikia. Andika makande. Herufi ndogo zote. Mwishoni weka mbili, saba, saba."

Kwa Kiswahili.

Polepole, kwa lafudhi ya baba yake, akikazia kila silabi. Makande, chakula alichokipenda Themba kwa sababu kilimkumbusha mahindi na maharage ya mama yake.

Mara ya kwanza nilikosea. Mara ya pili ikafunguka. Nikachapisha, nikagonga muhuri, Baba Amani akatoka mbio hata bila kuaga. Baadaye alinitumia ujumbe: wameipokea.

Lindiwe alikuwa bado kwenye simu.

"Mama, nimesema sawasawa?"

"Ndiyo, imefunguka."

"Si kompyuta. Kiswahili changu."

Nikamwambia amesema vizuri sana, kama baba yake.

Sasa niko nyumbani, najiuliza. Miaka yote hii nilidhani hakitaki Kiswahili. Labda alikuwa anaogopa tu kukosea mbele yangu? Jumapili akija kula nitamuuliza, na nitapokea jibu kwa lugha yoyote litakayokuja nayo.