Kitu Ambacho Mama Hampi Mtu

Fundi,

Mama hajaenda Kitale. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla hata ya salamu. Wewe ulituacha wiki moja tu kabla kaka yangu Ekal hajaja na gari kumchukua. Wiki moja, Fundi! Si ungengoja kidogo? Nakukasirikia, nalia, nikimaliza kulia nakushukuru. Ndivyo ninavyoishi siku hizi.

Meza yako ya saa pale sokoni Kakuma bado ipo. Mkeo, Mama Neema, anauzia mandazi upande mmoja, ule mwingine wenye koleo na bisibisi zako hagusi wala haruhusu mtu aguse. Juzi nilikaa kwenye kiti chako, nikaona haya, nikahamia kwenye debe.

Unakumbuka nilivyokuja mara ya kwanza? Lo, nilikuwa na maringo! Nina cheti, naandika programu, nyumba ya mama kule Lodwar inanitii kupitia simu: feni, bomba la tangi, kitasa cha mlango, jiko la gesi. Kilichobaki ilikuwa bangili ya kompyuta ya kumvalisha mama mkononi, ili aiendeshe nyumba mwenyewe. Nilitaka fundi wa kunishikia waya tu.

Nikakueleza shida yenyewe. Mama haoni tena. Baba yuko na mbuzi upande wa Lokichar, mimi kazi yangu ni Kakuma. Mama aliwahi kusahau jiko linawaka, jirani ndiye aliyesikia harufu. Ekal akasema likisahaulika tena, anamhamishia kwake Kitale. Mama akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Alisema huko ni baridi, nyumba ya watu ina ngazi, na hatapata hata mtu mmoja wa kumsalimia "ejok" asubuhi.

Halafu nikakutolea michoro yangu: kioo cha bangili, rangi tano, picha ya tone la maji, picha ya moto. Ukaitazama kwa adabu, ukauliza kwa Kiswahili chako cha Kongo, "Weye, unatengenezea mama yako ao unatengenezea wasomi wa Nairobi?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikakujibu kwamba wewe ni fundi wa saa za zamani, utajua nini. Maneno hayo yananichoma mpaka leo. Wewe ulisema tu, "Njo vile," yaani ndivyo ilivyo, ukaendelea kusafisha saa ya mtu. Kesho yake nikarudi bila kioo. Hukunicheka, ulinisogezea debe nikae.

Ukanifunga macho kwa kitambaa cha Mama Neema, ukaniambia nipike chai. Nilimwaga sukari, nikaungua kidole, nikakutukana kwa Kiturkana ukidhani nasali. Lakini siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba mtu asiyeona, mikono yake ina kazi tayari, huwezi kuiongezea nyingine. Tukapunguza, tukapunguza tena. Bangili ikitetemeka mara moja ni maji, mara mbili ni moto. Mama akiigonga kwa kidole, bomba au jiko linazimika. Nilitaka nyumba izime yenyewe bila kumuuliza, wewe ukakataa. Na kweli, tulipojaribu hivyo, ilimzimia maharage yakiwa nusu, akaapa ataing'oa mitambo yote kwa panga.

Siku tuliyomvalisha nilijiona nimemaliza kazi. Wiki ya pili, jirani akanipigia simu: moshi. Nilishuka Lodwar nikikimbia kama mwendawazimu. Nikamkuta mama mzima, sufuria imekuwa makaa, na mkono wake mtupu. Bangili iko wapi? Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Nakiru aliipenda. Akaniomba, nikampa."

Nakiru, rafiki yake, alikuwa sokoni akiuza samaki wa Kerio. Ilipotetemeka mara mbili mkononi mwake, alifurahi akawaonyesha wenzake. Alisema inamkuna vizuri.

Nilirudi kwako nikifoka: mama mkaidi, Nakiru mwizi! Ukaniacha niishiwe pumzi. Kisha ukasema, "Kati yetu, Mturukana ni nani? Mimi ao weye?" Kwetu mtu akiona pambo limempendeza anasema nipe, na mwenye roho nzuri anavua. Nimezaliwa humo. Nikaandika programu inayodhani kitu ukikivaa kinakuwa chako milele, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa darasani. Wewe Mkongo wa Bukavu, mgeni wa kambini, ndiye uliyekumbuka mila za mama yangu. Ukaniuliza, "Mama hawezi kumpa mtu kitu gani?"

Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Ile pete ya chuma ya shingoni, aliyovishwa siku alipoolewa. Hiyo hakuna anayeiomba, na hakuna anayeitoa.

Basi ukaanza upya, na tayari ulikuwa unakohoa. Uliiweka ile mitambo katika kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti, ukatumia kitetemeshi cha simu mbovu. Chuma kilipozuia mawimbi, ukakining'iniza chini ya pete kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi. Nilikwambia pumzika, ukasema utapumzika mama akishapika. Ulinikabidhi Ijumaa. Jumapili Mama Neema akanipigia, na sauti yake tu ilitosha.

Ekal alikuja na gari na godoro jipya nyuma. Alikuwa amesikia habari za ule moshi. Nikamwomba akijaribu kwanza kile kidude, ambacho tayari nilikuwa nimemvalisha mama shingoni. Mama alikuwa nje kivulini akipiga soga na Nakiru. Ekal akaingia jikoni kimyakimya, akawasha gesi, akaweka sufuria tupu, akatoka akajiegemeza kwenye gari, mikono kifuani. Mimi nilikuwa natetemeka kuliko hicho kidude chako. Dakika zikapita. Ghafla mama akakatiza hadithi, akajigonga shingoni kwa kidole, tap, kisha akapaza sauti: "Ekal! Sufuria yangu imekukosea nini?"

Ekal alicheka mpaka akachuchumaa. Akashusha godoro, akalipeleka ndani kwenye kitanda cha mama. Akarudi Kitale peke yake. Siku hizi nikishuka Lodwar siendi kukagua jiko, naenda kumsalimia mama yangu tu. Hujui hilo limenipa nini.

Jumamosi iliyopita mama aliniambia nimlete kwako. Nilimshika mkono hadi kaburini, Mama Neema yuko nasi. Akachuchumaa, akapapasa udongo, akatoa tumbaku kwenye kikopo chake akakunyunyizia, kama tunavyowafanyia wazee wetu. Mimi nikaogopa, nyinyi ni watu wa kanisa. Mama Neema akaninong'oneza, "Muache." Mama akaongea nawe kwa Kiturkana, na kwa kuwa hukuwahi kukijua vizuri, nakutafsiria. Alisema:

"Ejok, Fundi. Niko kwangu."

Kwaheri, Fundi wangu. Asante, asante sana. Mama akitaka kuja tena nitamleta, na siku atakaposhindwa kuja, hiyo tumbaku nitakuletea mimi, ingawa najua hukuwahi kuvuta.

Mwanafunzi wako mkaidi,
Akai