Mama Henriette Mbuyu, Uliyeikataa Barua

Mwaka umetimia, Mama, tangu presha ilipokuchukua asubuhi ya Jumapili, ukiwa umeshavaa kwenda misa.

Hapa Kolwezi sokoni walikujua kwa unga wako wa muhogo. Hukununua kiroba hata kimoja kutoka Kasaji bila kuingiza mkono mpaka chini, maana juu, ulisema, kila mtu huweka unga mzuri. Wauzaji walinung'unika. Wateja hawakukuacha. Na mgonjwa yeyote wa mtaani alipata uji wako kabla hajaomba.

Mwanao Jeancy alikuwa askari kule Beni, vitani. Simu yake ilikuwa imenyamaza miezi mitano alipofika mtu aliyejiita Stéphane, akasema ni mwenzake kikosini, amekuja likizo. Alileta barua. Jeancy amejeruhiwa mkono wa kulia, ilisema, ndiyo maana anaandikiwa na mwingine. Anaomba dada yake Jémima aende kumwuguza. Stéphane atamsindikiza njiani.

Tulilia kwa furaha kwamba yu hai. Tata Kabemba, mumeo, alikubali siku ileile. Jémima, miaka yake kumi na saba, akaanza kufunga begi. Wewe ulimpakulia mgeni bukari, ugali wa unga wako, ukakaa mbele yake. Baadaye ulituambia jikoni kwamba mtu huyu hamtazami yeyote nyumbani isipokuwa Jémima.

Ukasema begi lisubiri. Ukamwandikia Jeancy mistari miwili: lile kovu la goti, bado linakuuma wakati wa baridi? Stéphane aliichukua, akadai ataituma kwa ndege ya jeshi.

Siku kumi na mbili nyumba ilikuwa chungu. Tata alikuambia unamkataa mtoto wako mwenyewe. Jémima aliacha kukusalimia. Sisi wengine tulinong'ona kwamba soko limekuharibu, kwamba sasa unaona udanganyifu hata katika damu yako. Uliyasikia yote, ukaendelea kupepeta unga.

Stéphane akarudi na jibu, akapakuliwa bukari tena: ndiyo Mama, goti linauma sana, mwambie Jémima afanye haraka. Tata alianza kumshukuru Mungu. Wewe uliikunja barua, ukamrudishia Stéphane, ukasema bila kupandisha sauti:

"Mutoto yangu hana na kovu mu goti. Sasa weye ni nani?"

Aliondoka akiacha bukari sahanini. Hatukumwona tena, wala hatukujua alitaka kumpeleka Jémima wapi.

Miezi mitatu baadaye padri wa jeshi alileta barua nyingine, yenye mwandiko wa Jeancy. Alikuwa mzima. Begi lake lilikuwa limeibwa kambini, na ndani yake simu, picha zetu, na barua zako zote zenye majina yetu. Hiyo nayo hukuiamini. Ulimwuliza tena habari za goti, na padri, kwa subira yake, akalipeleka swali. Jeancy alijibu:

"Mama, mi sina na kovu. Unanipima?"

Siku hiyo ulicheka mpaka jirani yetu Angèle akaja kuuliza kuna nini. Kisha ulijifungia chumbani ukalia peke yako.

Alipopewa likizo, ulikuwa na miezi miwili kaburini. Tulikaa naye hapo, tukamsimulia mambo yote, hata yale ya aibu. Alisikiliza aking'oa majani juu ya udongo. Mwisho akauliza kitu kimoja tu:

"Na nani alimuomba Mama musamaha?"

Tata aliinamisha kichwa. Baada ya Stéphane kuondoka tulianza tu kukusalimia tena, tukala pamoja, tukadhani hiyo inatosha.

Leo tunakuomba, Mama, mbele ya wote wanaosoma: tusamehe.

Tunaokukumbuka ni mumeo Tata Kabemba. Wanao Numbi, Jeancy na Jémima. Mkweo Mignonne, mdogo wako Nkongolo wa Lubudi, na wajukuu wote.

Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.