Kura za Mwavuli

Jumamosi, 4 Machi 1972
Sauti imenikauka. Vijiji vitatu leo, vyote kwa miguu. Kila nyumba tambuu — midomo yangu myekundu kama nimekula mtu! Jimbo letu la Meghalaya, hapa India, ndiyo kwanza limezaliwa, uchaguzi wake wa kwanza huu, na mimi Biolinda, muuza viazi, nimo. Sina chama. Alama yangu mwavuli.

Sokoni Bah Hepting, tajiri wa mbao ninayeshindana naye, kanipigia kelele kutoka kwenye gari lake la jipu: kuku jike akiwika, dunia inakwisha! Nikamuuliza, dunia ya nani, kaka — yako? Akina mama walicheka mpaka vikapu vikawaelemea.

Mjomba Wanrap hakucheka. Alikuwa ndani ya gari hilohilo. Mjomba wangu mimi! Kaka yake mama, mwenye kauli ya mwisho nyumbani kwetu.

Jumapili, 5 Machi
Baada ya kanisa Mjomba kaja. Hata kuketi hakuketi. Eti nautia ukoo aibu. Nitangaze kwamba namwachia Hepting, yaishe.

Nikamwambia: Mjomba, Klinmai alifia mtoni. Mdogo wangu! Uchungu wa uzazi umembana, kabebwa mgongoni mwa mtu, mto umefurika, daraja hakuna. Hao wanaume wa siasa walikuwa wapi?

Akatoka. Mama analia jikoni.

Simwachii mtu.

Alhamisi, 9 Machi
Mvua! Tangu alfajiri, mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Nikasema basi, nani atatoka kupiga kura?

Wametoka. Mlima mzima! Na kila mtu na mwavuli wake — myeusi, yenye viraka, hata wa bibi kizee mmoja uliobaki mbavu tupu. Wakala wa Hepting akamkimbilia msimamizi wa kituo: hii ni kampeni, ni marufuku hapa, iondolewe yote! Msimamizi, bwana mmoja mpole wa Shillong, mji wetu mkuu, akatazama juu. Akamwambia nenda kaikataze mvua kwanza, ukirudi tutaongea.

Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Mjomba alikuwa kwenye foleni ya wanaume, ameloa chepechepe. Mama kampelekea mwavuli. Kaukataa! Shati limemganda mwilini, kidevu juu. Ana kichwa kigumu, kama mimi.

Jumapili, 12 Machi
NIMESHINDA!

Niandike tena. Nimeshinda. Mimi!

Kwa tofauti ya kura thelathini na moja tu. Hepting kataka zihesabiwe upya. Zikahesabiwa — zikawa thelathini na nne! Akina mama wa sokoni wamenibeba juujuu kama gunia la viazi, nami napiga mayowe wanishushe. Wali na nyama ya nguruwe mpaka sufuria zikakwaruzwa. Binti yangu Theilin kacheza ngoma mpaka kiatu kikakatika.

Hepting mwenyewe kanipa mkono. Kong, kasema, umeniangusha vibaya. Kumbe neno hilo, "dada", anajua kulitamka! Nikamjibu karibu ule, kaka. Akala. Sahani mbili.

Nimechungulia chumbani kwa Klinmai. Nikalia kidogo. Halafu nikarudi kucheza.

Mjomba hakuja.

Jumanne, 14 Machi
Wazee wameitisha baraza la kijiji kumpongeza mbunge. Asubuhi Mjomba kaja na ujumbe wao, macho sakafuni. Mwanamke haketi barazani, haijawahi kutokea. Kwa hiyo yeye atazipokea pongezi kwa niaba yangu.

Mjomba, nikamuuliza, Shillong naapishwa mimi au wewe?

Akaikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema vaa jainsem yako ya hariri, ile ya kanisani, twende.

Sasa niko nje, kwenye ukuta wa mawe. Daftari magotini — mikono lazima ifanye kitu. Yeye ameingia. Nawasikia. Mmoja anasema mila ni mila. Mwingine: leo mmoja, kesho wote!

Na sauti ya Mjomba inatoboa hadi huku: Mnampongeza mtu asiyeingia? Basi upongezeni mlango!

Wanaume waliosimama kizingitini wananitazama. Ndani benchi linaburutwa. Sijui wananipisha au wanaziba njia. Mjomba anaita jina langu, anaita kwa nguvu, na miguu yangu hii tayari imeinuka. Nafunga daftari, naingia.